RRR: nguvu na udhaifu wa picha lenye steringi wawili

Aliyekulia kwenye picha za Kihindi anaijua kanuni ya kwanza: steringi ni mmoja. Anaweza kuwa na rafiki wa chanda na pete, lakini rafiki huyo mara nyingi hufa katika nusu ya pili ili steringi apate hasira ya kumalizia kazi. RRR, filamu ya mwongozaji S. S. Rajamouli iliyoingia sinema tarehe 25 Machi 2022, inaivunja kanuni hiyo. Ina steringi wawili, wote wazima, wote wakubwa, na hakuna anayeruhusiwa kumfunika mwenzake. Ukiishika hoja hiyo utaelewa kwa nini filamu hii inasisimua kiasi kile, na pia kwa nini inayumba pale inapoyumba.

Kwanza tuiweke mahali pake. Tumezoea kuita kila kitu kutoka kule "picha la Kihindi", lakini RRR ni filamu ya Kitelugu, imetoka kwenye tasnia ya Hyderabad, kusini, ambayo ina nyota wake, mashabiki wake na desturi zake mbali na Mumbai. Kwa mashabiki wa huko, kuwaweka N. T. Rama Rao Jr. na Ram Charan kwenye fremu moja lilikuwa tukio lenyewe. Wa kwanza ni mjukuu wa N. T. Rama Rao, mwigizaji aliyekuja kuwa waziri mkuu wa jimbo la Andhra Pradesh. Wa pili ni mtoto wa Chiranjeevi, nyota mwingine mkubwa wa Kitelugu. Kila koo ina jeshi lake la mashabiki, na mashabiki hao huhesabu: nani kapewa utambulisho mkubwa zaidi, nani kapigwa zaidi, nani kamaliza pambano. Mtunzi wa hadithi, V. Vijayendra Prasad, ambaye ni baba wa mwongozaji, alipaswa kuandika akiwa na mizani mkononi.

Bajeti iliyotangazwa ilikuwa kiasi cha krori 550, yaani rupia bilioni 5.5. Filamu ilianza kupigwa mwishoni mwa 2018, ikapangwa kutoka Julai 2020, korona ikaingia, tarehe ikasogezwa mara kadhaa. Mapato yake duniani yalipita krori 1,200. Lakini wapo waliotumia fedha nyingi na hakuna tukio hata moja unalolikumbuka. Kwa hiyo tuangalie fedha hizi zilinunua nini.

Daraja

Chukua tukio la darajani, ambalo linakuja kabla hata jina la filamu halijatokea. Treni inalipuka juu ya daraja, mabehewa yenye moto yanaporomokea mtoni, mafuta yanawaka juu ya maji, na mtoto aliyekuwa akivua kwenye mtumbwi mdogo amezungukwa. Ram, anayeigizwa na Ram Charan, yuko juu darajani. Bheem, anayeigizwa na N. T. Rama Rao Jr., yuko chini, kando ya mto. Hawafahamiani. Hakuna neno linalosemwa kati yao: Ram anatoa ishara kwa mikono, Bheem anaelewa. Mmoja anachukua farasi, mwingine pikipiki. Wanakimbiliana darajani kutoka pande mbili, kamba inarushwa, kila mmoja anajifunga ncha yake, kisha wanaruka, mmoja upande huu wa daraja na mwingine upande ule. Uzito wa mmoja unamshikilia mwenzake. Wanabembea chini ya daraja, Bheem anamnyakua mtoto na kumrushia Ram, na Ram anamrushia Bheem bendera. Bheem anaichovya majini, anajifunika, anapita katikati ya moto. Kisha mikono inashikana, na hapo ndipo maandishi ya jina yanapojaza skrini, dakika ya 40 hivi.

Kila hatua hapa ina sababu ya kimwili inayoonekana kwa macho. Kwa nini wawili? Kwa sababu kamba bila uzito upande wa pili haishiki. Kwa nini bendera? Kwa sababu kitambaa kilicholowa kinazuia moto. Kabla ya kuruka umeshaonyeshwa daraja lote, urefu wake, mtoto yuko wapi, moto uko wapi, na kila steringi anatokea upande gani. Kamera ya K. K. Senthil Kumar inarudi kwenye picha pana kila mara mahali panapoweza kukuchanganya. Filamu nyingi za mapigano za bajeti kubwa hukosea hapahapa: wanakata kata picha kwa haraka, ngumi inatoka kushoto, anayepigwa yuko sijui wapi, unabaki na kelele tu. Mhariri wa RRR, A. Sreekar Prasad, anaacha tendo limalizike ndipo anakata.

Mwendo wa polepole nao umepangwa. Hautumiki kuremba kila ngumi. Unakuja pale uamuzi unapofanyika: mikono inapoachia, kamba inapokaza, bendera inapofika majini. Tendo lenyewe linarudi kwenye kasi ya kawaida. Kwa hiyo jicho linapewa muda wa kuelewa kabla ya kushtuka.

Na tukio hili linafunga mkataba na mtazamaji. Linakwambia: katika dunia hii mwili wa binadamu una nguvu mara kumi ya tunayoijua, lakini kamba bado ni kamba na moto bado unaunguza. Ukishaukubali mkataba huo darajani, huwezi kulalamika baadaye Bheem akizungusha pikipiki kama rungu. Anayesema "mambo hayo hayawezekani" anapima kwa kipimo ambacho filamu ilishakiweka kando mapema na kwa uwazi.

Maji na moto, jaza na lenga

Filamu imegawa ulimwengu wake mara mbili. Ram ni moto, Bheem ni maji. Sehemu zao za utambulisho zimepewa majina hayo, na kila mmoja anaingia kwa tendo linalomweleza bila maelezo. Ram, askari wa Waingereza, anaruka uzio peke yake na kuingia katikati ya maelfu ya watu wenye hasira ili amkamate mtu mmoja aliyerusha jiwe. Anapigwa, anafukiwa na umati, anatoka naye. Ofisa Mwingereza anayetazama anakiri kwamba huyu ndiye anayemtisha kuliko umati. Kisha vyeo vinatangazwa na jina lake halimo. Bheem, mwindaji wa kabila la Wagondi, anatumia mwili wake mwenyewe kama chambo ili anase mnyama msituni. Chui milia anatokea, mtego unakaribia kukatika, binadamu na mnyama wananguruma uso kwa uso. Akishamlaza kwa dawa ya majani anamwomba msamaha, anamwita ndugu, kwa sababu anajua anakwenda kumtumia.

Mbegu hizo mbili zinaota baadaye. Wanyama tunawaona tena Delhi, kwenye jumba la gavana, lori linapovunja lango na chui, mbwa mwitu, dubu na kulungu wanaruka juu ya wageni waalikwa. Hilo ndilo pambano la kabla ya mapumziko, na linakuwa kubwa mara mbili kwa kuwa katikati ya vurugu marafiki wawili wanagundua kwamba wanapigana wao kwa wao. Maji yanaruka nyuma ya Bheem, moto unawaka nyuma ya Ram. Swali dogo la kiutendaji limeachwa wazi: Bheem alifika Delhi na wenzake wachache tu, basi wanyama wote hao walifungwa wapi, walilishwa nani, na jirani hakusikia mngurumo? Ni tobo la kweli, ila linapita kwa sababu uzito wa usaliti unakushika kooni.

Mbegu nyingine ni ya risasi. Mwanzoni kabisa gavana Scott, anayeigizwa na Ray Stevenson, anamzuia askari asimpige risasi mama wa Malli, mtoto aliyeporwa kijijini. Anampigia hesabu: risasi hii imechimbwa, imetengenezwa Uingereza, imevuka bahari, mpaka inaingia kwenye bunduki imeshafika pauni moja. Usiipoteze kwa mtu huyu. Mama anapigwa gogo kichwani. Saa tatu baadaye hesabu hiyo inarudishwa kwa Scott mwenyewe, na maneno ya baba yake Ram, ya kujaza, kulenga na kupiga, yanakuwa amri ya mwisho. Watu wanaokaa na filamu hii wanajua kwamba ukumbi hupiga kelele pale kwa sababu deni lilifunguliwa dakika za kwanza kabisa na limekaa muda wote likisubiri.

Ngoma iliyokuwa pambano

Wimbo "Naatu Naatu" ndio uliofika mbali kuliko filamu yenyewe: Golden Globe Januari 2023, kisha Oscar tarehe 12 Machi 2023. Mtunzi wa muziki ni M. M. Keeravani, maneno ni ya Chandrabose, hatua zimepangwa na Prem Rakshith. Ulipigwa Kyiv, nje ya ikulu ya Mariinskyi, Agosti 2021, miezi michache kabla vita haijafika mjini humo.

Tukiutazama kama wimbo tu tunapunjika, maana umejengwa kama pambano. Mwingereza mmoja kwenye sherehe anamdhalilisha Bheem kwamba hajui kucheza, anamtajia ngoma za Ulaya. Ram anachukua vijiti na kuanza mdundo. "Naatu" maana yake ni kitu cha kienyeji, cha nyumbani, na hapo silaha ni hiyo ngoma ya kienyeji. Wazungu wanaingia kushindana, wanadondoka mmoja mmoja kwa uchovu, mpaka wanabaki marafiki wawili peke yao. Angalia kwa makini sekunde za mwisho. Ram anamwona Jenny, binti wa Kiingereza ambaye Bheem anampenda, akimshangilia Bheem. Ram bado ana pumzi. Anajiangusha. Bheem anashinda, na hajui kwamba kaachiwa. Katika kitendo hicho kimoja cha mguu kukunjwa kwa makusudi una tabia nzima ya Ram: mtu anayeficha anachokijua na kubeba hasara kimya kimya. Mwandishi mwingine angehitaji kurasa tano za mazungumzo.

Hapo mizani ya steringi wawili imefanya kazi vizuri kabisa: mmoja anashinda mbele ya watu, mwingine anashinda mbele yetu.

Baada ya mapumziko

Nusu ya pili ndiyo yenye matatizo, na chanzo chake ni mizani ileile. Bheem alipewa lengo tangu mwanzo: kumrudisha Malli. Ram alifichiwa lengo lake ili atushangaze. Sasa lazima alipwe, kwa hiyo filamu inasimama na kurudi nyuma kijijini kwake, kwa baba yake anayeigizwa na Ajay Devgn, kwenye kiapo cha kupeleka bunduki kwa kila mkono. Yenyewe ni sehemu iliyopigwa vizuri. Lakini imekaa mara tu baada ya pambano la jumbani, wakati mtazamaji anataka kujua Bheem atafanywa nini. Moto unapoa.

Unawaka tena kwenye tukio la mijeledi. Bheem amefungwa mbele ya umati, anatakiwa apige magoti, Ram ndiye anayemchapa, tena kwa mjeledi wenye miiba. Bheem anaimba badala ya kupiga magoti, na umati unafumuka bila silaha yoyote. N. T. Rama Rao Jr. anaigiza kwa shingo, macho na magoti yanayotetemeka. Ni uigizaji bora kuliko wote kwenye filamu hii. Na ndipo Ram anapogundua kwamba bunduki alizozitafuta kwa miaka mingi hazikufanya kilichofanywa na wimbo mmoja. Wazo kubwa sana. Tatizo ni kwamba filamu inalisahau baada ya nusu saa: hitimisho linarudi kwenye bunduki, mishale na mabomu, na bunduki ndizo zinazopelekwa kijijini. Wazo lililotikisa ukumbi linaachwa bila kazi.

Kuanzia hapo kila kitu kinakimbia. Ram ametupwa kwenye shimo la gereza kwa kumsaidia Bheem kutoroka, miguu haimbebi. Bheem anamtoa, anamweka mabegani, Ram anapiga risasi kwa bunduki mbili juu ya mwenzake. Picha ni ya kupendeza, na inajibu vizuri swali la mtu asiyeweza kutembea atapiganaje. Kisha wanafika msituni, Bheem anampaka dawa, na baada ya muda mfupi Ram amesimama na upinde kama Rama, shujaa wa utenzi wa kale wa Ramayana, mzima wa afya. Ni kweli dawa za Bheem zilishatangulizwa mara mbili, kwa chui na kwa sumu ya nyoka, hivyo mtunzi hakukurupuka. Lakini tulikuwa na steringi aliyepungukiwa kitu, jambo la nadra, nao wakamrudishia haraka mno. Toka hapo hakuna hata sekunde moja unayowahofia. Askari wa Kiingereza wanakuwa mabua ya kufyekwa.

Picha za kompyuta, zilizosimamiwa na V. Srinivas Mohan, zina panda shuka zile zile. Chui wa msituni akiwa karibu, pumzi na manyoya, anaaminika. Wanyama wakiwa wengi jumbani, miguu yao haikanyagi sakafu kwa uzito unaotakiwa, na katika milipuko ya mwisho unaona mwanga wa mtu haulingani na mwanga wa moto nyuma yake. Rajamouli anajua kuficha hilo kwa kasi na muziki, si kila mara.

Waingereza wameandikwa kwa kalamu moja. Stevenson na Alison Doody, anayeigiza mke wa gavana, wanafanya kazi kwa ukali na nidhamu, lakini wasaidizi wao wanasoma mistari ya Kiingereza kama tangazo la stesheni. Adui asiye na akili anapunguza thamani ya ushindi. Tena Jenny, aliyepewa muda mrefu nusu ya kwanza, anatoweka karibu kabisa, na Sita, mchumba wa Ram, anayeigizwa na Alia Bhatt, yupo kwa dakika chache tu ili ampe Bheem habari. Alia Bhatt ni miongoni mwa waigizaji hodari wa kizazi chake. Kumwita kwa kazi ya kubeba ujumbe ni uharibifu. Muda wa wanawake umelipia mizani ya wanaume wawili.

Kwa anayetaka kuitazama leo, jambo moja la kuzingatia: toleo la Netflix lilitoka kwa Kihindi, la Kitelugu lilikwenda ZEE5, jukwaa la India la kutazamia filamu mtandaoni. Nyota wote wawili waliingiza sauti zao wenyewe kwenye Kihindi, hivyo si tafsiri ya ovyo. Lakini kwa Kitelugu Bheem anazungumza lafudhi ya Telangana, na lafudhi hiyo ndiyo inayokwambia ametoka wapi na kwa nini watu wa mjini wanamdharau. Ukiweza, chagua Kitelugu.

Watu wa kweli

Udhaifu mzito kuliko wote hauhusu picha wala kasi. Ram na Bheem wa filamu wametokana na Alluri Sitarama Raju na Komaram Bheem, watu waliokuwepo. Wa kwanza aliongoza uasi wa Rampa dhidi ya Waingereza kuanzia 1922, akauawa kwa risasi Mei 1924. Wa pili aliwaongoza Wagondi wa Adilabad, akauawa mwaka 1940. Hawakuwahi kukutana. Ni kama mtu atunge filamu ambamo Mkwawa, aliyekufa 1898, na Kinjikitile, aliyenyongwa 1905, ni marafiki wa kuvuka mto pamoja. Kutunga hivyo kunaruhusiwa, na Rajamouli hakuficha kwamba ametunga: anasema wote wawili walipotea machoni pa watu ujanani, naye akajiuliza ingekuwaje kama wangekutana. Wazo tamu, na mtazamaji wa nchi iliyopigana Maji Maji anaweza kulipokea bila shida.

Shida ni alichopunguziwa Bheem. Mapambano ya Bheem wa kweli yalikuwa dhidi ya Nizam wa Hyderabad, mtawala wa Kihindi, na watoza kodi na maofisa wake wa misitu walionyang'anya Wagondi ardhi. Filamu imemwondoa Nizam kabisa na kumweka Mwingereza peke yake, kwa sababu picha yenye adui mmoja wa nje inaunganisha watazamaji wote wa India, wakati picha inayouliza nani ndani ya India alimnyang'anya Mgondi ardhi ingewagawa. Kisha, kila Ram na Bheem wanapowekwa pamoja, mmoja anajua na mwingine anafundishwa. Ram anasoma, anapanga, anaona mbali. Bheem ana moyo na misuli. Bheem anakutana na Sita, kisha anakwenda kumtoa Ram gerezani, anambeba mabegani, kama Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani, alivyomtumikia Rama. Kwa filamu iliyopima dakika na ngumi za nyota wake kwa uangalifu mkubwa, hapa mizani imelala upande mmoja.

Tazama dakika za mwisho, kabla ya wimbo wa kufungia. Vita vimekwisha. Ram anamuuliza Bheem anataka nini. Bheem anaomba afundishwe kusoma. Ram anachukua bendera na kuandika maneno ya kwanza: jal, jangal, zameen. Maji, msitu, ardhi. Kauli hiyo ni ya Komaram Bheem mwenyewe. Ndiyo anayokumbukwa nayo Telangana mpaka leo, na masimulizi ya maisha yake yanasema kusoma na kuandika alijifunza ujanani, kwa mchapishaji aliyempa kazi. Kwenye filamu anaipokea kutoka mkono wa mwingine, naye amesimama akiitazama kama mwanafunzi.